Tambi tamu zenye soseji na kechapu ya ndizi: nani anayajua mapishi haya ya Wafilipino?

Dada Mpishi, Mwananyamala

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Nina mgahawa mdogo hapa Mwananyamala, na kwa miaka sita nimekuwa nikipika wali, maharage na samaki wa nazi mchana, na jioni chipsi na kuku wa kukaanga. Wiki iliyopita alinijia mama mmoja Mfilipino anayeishi Mikocheni, mteja wangu wa samaki, akaniomba nimpikie chakula cha sherehe ya kuzaliwa ya binti yake anayetimiza miaka saba. Watoto watakuwa thelathini na sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Alinieleza anachokitaka, nikakiandika kwenye daftari, na tangu siku hiyo nalifungua daftari hilo kila usiku nikijiuliza nianzie wapi.

Anataka kuku wa kukaanga mwenye ganda kavu la unga, lakini badala ya chipsi kila mtoto apewe wali mweupe uliofungwa peke yake kwenye karatasi, na juu ya wali umwagiwe mchuzi mzito wa rangi ya kahawia. Anataka tambi ndefu, yaani spageti, zenye rosti ya nyama ya kusaga, ila rosti hiyo iwe tamu kwa sukari, iwe na soseji nyekundu zilizokatwa vipande vya mviringo, na juu yake inyunyiziwe jibini iliyokunwa. Mwisho anataka aiskrimu yenye ladha ya jibini, itiwe ndani ya mkate mdogo wa mviringo na si kwenye koni. Nilipomuuliza kama hicho ndicho chakula chao cha asili, alitabasamu akasema kwamba sherehe ya mtoto isiyo na spageti kwao haijakamilika, na kwamba hata akiingia kwenye mgahawa wa hambaga huko Manila, hivyo ndivyo anavyoagiza: kuku, wali na spageti kwenye sinia moja.

Tambi za sukari sisi tunazijua. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikila tambi za futari zilizopikwa kwa tui la nazi, iliki na zabibu, na sijawahi kuziona kuwa jambo la ajabu. Kinachonitatiza ni kuikutanisha sukari na nyama katika sufuria moja. Mama huyo aliniachia chupa ya kechapu kutoka kwao ili nionje. Kwa rangi na kwa umbo la chupa nilidhani ni tomato sosi ya kawaida. Nilipoionja kwenye ncha ya kijiko, utamu ulitangulia, siki ikafuata, na kwa mbali nikasikia kitu kama karafuu. Nayo ilikuwa nzito, ikang'ang'ania kijiko nilipokiinamisha. Ndipo nikasoma kibandiko na kukuta kwamba imetengenezwa kwa ndizi.

Chupa moja haiwezi kutosha tambi za watoto thelathini, na hapa mjini sijui pa kuipata nyingine. Naomba anijuze mwenye ujuzi: kwa nini wanapika hivi, ili nisipike kitu nisichokielewa, je, kechapu hiyo inaweza kutengenezwa kwa ndizi zetu, na, kwa kuwa mimi ni Muislamu na baadhi ya watoto waalikwa pia ni Waislamu, soseji zile nyekundu nizibadilishe na nini?

Baharia wa Kigamboni

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nimefanya kazi melini kwa miaka ishirini na mbili, na karibu kila meli niliyopanda niliwakuta Wafilipino, kwa maana nchi yao ni miongoni mwa zile zinazotoa mabaharia wengi kuliko zote duniani. Serahangi wangu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, wa miaka minne mfululizo alikuwa mtu wa Batangas. Asubuhi alipokutana nami kwenye sitaha, salamu yake ilikuwa "Kumain ka na?", yaani umeshakula, na ukimjibu hapana hakuruhusu mazungumzo mengine yaendelee. Kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Jambo la kwanza la kulishika ni wali. Kwa Mfilipino, chakula ni wali pamoja na kitu cha kuusindikiza. Kisichokuwa na wali, hata kikijaza meza, ni merienda, neno walilolipata kwa Wahispania, nasi tungesema ni kitafunwa cha kati ya mlo na mlo. Hambaga na mkate wake ni merienda. Chipsi ni merienda. Hapa kwetu pia kijana aliyekula sahani nzima ya chipsi mayai saa nane mchana, akifika nyumbani jioni bado atamuuliza mama yake ugali umeiva saa ngapi, na hakuna anayemshangaa. Basi Wamarekani walipowaletea kuku wa kukaanga na hambaga, Wafilipino walivipokea vyote, lakini kila kimoja wakakitafutia nafasi yake kando ya wali. Kuku akawekewa wali. Nyama ya hambaga ikavuliwa mkate, ikalazwa juu ya wali, ikamwagiwa mchuzi wa uyoga, na sasa inaitwa "burger steak".

Mgahawa anaousema mteja wako bila shaka ni Jollibee au mmoja wa jamii yake. Jollibee ilianzishwa na Tony Tan Caktiong, mtoto wa wahamiaji Wachina, ambaye mwaka 1975 alifungua duka la aiskrimu eneo la Cubao katika Quezon City. Wateja wakawa wanaulizia zaidi vyakula vya moto kuliko aiskrimu, naye akawasikiliza; mwaka 1978 biashara ikageuka kuwa mgahawa wa hambaga wenye nembo ya nyuki mwekundu. McDonald's ilipofika Manila mwaka 1981, ilikuta watu wameshazoea ladha yao wenyewe. Kampuni ile kubwa ya Marekani kule Ufilipino inauza kuku kwa wali na inauza spageti tamu. Niliposhuka Manila wakati meli yetu ikiwa matengenezoni, nilikula sehemu zote mbili, na ukinifumba macho nisingeweza kukuambia nipo kwa nani.

Nakumbuka vizuri sinia langu la kwanza. Wali ulikuwa umefungwa kwenye karatasi nyeupe mfano wa andazi kubwa, na nilipoufungua mvuke ulitoka. Mchuzi ulikuwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mezani palikuwa na kijiko na uma, kwa sababu wao hula kwa kijiko mkono wa kulia na uma mkono wa kushoto. Kando yangu aliketi mtoto na bibi yake. Mtoto alimimina mchuzi wote juu ya wali, akachovya ganda la kuku katika kilichobaki, kisha bibi akainuka kwenda kuomba kikombe kingine, na mhudumu akampa bila kumuuliza neno. Mchuzi ule ndio uliounganisha kila kitu kilichokuwa pale mezani, kwa hiyo, mwanangu, usiupike kidogo.

Namna ya kuupata ni hii. Ukishakaanga kuku, chuja mafuta, ubakize vijiko vinne hivi pamoja na yale makombo ya unga yaliyotuama chini, mradi hayajaungua. Tia vijiko vinne vya unga wa ngano, koroga kwa moto mdogo hadi ubadilike rangi na kuwa kama karanga iliyokaangwa, halafu ongeza supu ya kuku kidogo kidogo huku ukikoroga, chumvi, na pilipili manga ya kutosha kuonekana. Uwe mzito kuliko mchuzi wa samaki na mwepesi kuliko uji. Kuhusu karatasi ya wali, tumia ile isiyopenya mafuta, na uuache wali upumue dakika chache kabla ya kufunga, la sivyo utatoa maji.

Utamu wa tambi mimi nilielezwa na serahangi kwamba ulitokana na Vita Kuu ya Pili, pale nyanya zilipoadimika wakatumia ndizi. Wenye kujua zaidi watanisahihisha.

Mama Nasra, Mabibo

Dada yangu wa Mwananyamala, pole kwa kukosa usingizi, na usiwe na hofu, kwa sababu kechapu hii naifahamu kwa mikono yangu. Natengeneza achari ya embe na pilipili ya chupa nyumbani, na miaka mitatu iliyopita nilijifunza kechapu ya ndizi kwa kuwa ndizi zilizoiva kupita kiasi hutupwa nyingi sana huku kwetu karibu na soko.

Kwanza nimtaje mwenyewe, maana si haki kupika kitu cha mtu bila kumtaja. Kechapu ya ndizi inahesabiwa kuwa kazi ya Maria Orosa, mwanamke wa Taal katika mkoa wa Batangas, kwao na serahangi wa Baharia. Alikwenda Marekani mwaka 1916, akasomea kemia katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na wakati wa likizo alifanya kazi katika viwanda vya kusindika samaki Alaska ili ajilipie masomo. Angeweza kubaki. Alirudi kwao mwaka 1922 na kushika kazi moja maisha yake yote: kuwaonyesha watu wake kwamba vyakula wanavyovinunua kutoka nje kwa fedha nyingi vinaweza kutengenezwa kwa mazao yaliyo uani. Alibuni tanuri la chungu kwa ajili ya nyumba zisizo na umeme, na wakati wa vita unga wake wa soya uliingizwa kwa siri katika kambi za wafungwa waliokuwa wakifa njaa. Aliuawa na vipande vya bomu tarehe 13 Februari 1945, katika vita vya kuukomboa mji wa Manila, kwa sababu alikataa kuondoka kazini. Kila ninapoitia kechapu hii kwenye chupa ninamkumbuka mama huyu, na natamani mabinti zetu wanaosomea sayansi ya chakula wafundishwe habari zake.

Kwa hiyo Baharia yuko sahihi kuhusu vita, lakini wazo lenyewe linatokana na juhudi zilizoanza kabla ya vita. Vita ndivyo vilivyolifanya kuwa biashara: mwaka 1942 Magdalo Francisco alianza kuizalisha kwa wingi na kuiuza kwa jina la Mafran, alilolipata kwa kuunganisha mwanzo wa majina yake mawili.

Sasa tupike. Kule wanatumia ndizi iitwayo saba, fupi, nene, yenye pembe pembe. Hapa kwetu iliyonipa matokeo mazuri ni bokoboko iliyoiva mpaka ganda likaanza madoa meusi. Mzuzu pia unafaa, ila una utamu mwingi, basi utapunguza sukari. Ndizi laini za kula mezani usizitumie, kwa sababu kechapu itanukia kama juisi ya watoto.

Kaanga kitunguu maji kimoja kikubwa, punje nne za kitunguu swaumu na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, kwa mafuta kidogo na moto wa chini, hadi vilegee bila kubadilika rangi. Tia nusu kilo ya ndizi ulizozimenya na kuziponda. Hapohapo, bila kuchelewa, tia siki nyeupe robo lita, kwa sababu ndizi iliyopondwa ikikaa hewani inasinyaa na kuwa nyeusi, na rangi ile hutaiondoa tena. Ongeza maji robo lita, sukari vijiko vinne vya mezani, chumvi kijiko kimoja cha chai, karafuu tatu zilizosagwa, mdalasini kidogo sana, pilipili mbuzi nusu bila mbegu, na kijiko kimoja cha soya sosi. Iache ichemke polepole dakika ishirini na tano, ukikoroga kila mara, maana inashika chini haraka na inaruka; vaa nguo ya mikono mirefu. Kisha isage kwenye blenda na uichuje.

Hapo utaona rangi yake ya kweli, nayo ni kahawia kama udongo wa Pugu. Wekundu wa chupa ya mgeni wako ni rangi ya chakula, iliyotiwa ili ifanane na ile ya nyanya. Mimi situmii rangi ya dukani. Nachemsha kipande cha bitiruti pamoja na ndizi, kinatosha kuipa wekundu wa kupendeza. Itie ingali ya moto kwenye chupa ulizozichemsha, na uihifadhi kwenye friji.

Kuhusu soseji, uko sahihi kuuliza, kwa sababu za kwao mara nyingi ni za nguruwe. Nunua za ng'ombe au za kuku zenye kibandiko cha halali. Zikate, uzikaange kidogo kwanza zikunje kingo, ndipo uzitie kwenye rosti.

Mwalimu wa Temeke

Nawashukuru waliotangulia. Naomba kutofautiana nao kidogo katika jambo moja, nalo ni hili la kuufanya utamu wa spageti kuwa mtoto wa vita.

Ufilipino ni nchi ya miwa. Kisiwa cha Negros kimeishi kwa sukari tangu enzi za Wahispania, na Wamarekani walipoichukua nchi, sukari hiyo ilipata soko kubwa Marekani. Nyama zao za zamani, kwa mfano soseji wanazoziita longganisa na nyama iitwayo tocino, hutiwa sukari waziwazi, na majina yake yanaonyesha kwamba zimetoka kwa Wahispania, muda mrefu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kwa maoni yangu ndizi ilichukua nafasi ya nyanya kwa sababu ya uhaba, lakini ilibaki hata baada ya nyanya kurudi kwa sababu ilikuwa imekubaliana na ulimi uliokwisha kuzoea nyama tamu. Kama ni uhaba peke yake, kechapu ile ingeachwa uhaba ulipokwisha, kama watu wanavyoacha unga wa muhogo wa njaa mara mvua zinaponyesha.

Tusisahau pia jinsi Wamarekani walivyofika pale. Mwaka 1898 Hispania iliwaachia Ufilipino kwa malipo ya dola milioni 20, bila wenyewe Wafilipino, waliokuwa wameshatangaza uhuru wao, kuulizwa. Uhuru uliotambuliwa ulikuja mwaka 1946. Katika miaka hiyo karibu hamsini walimu wa Kimarekani walifundisha kwa Kiingereza, na pamoja na masomo hayo yalikuja mapishi, nyama ya kopo, maziwa ya kopo na soseji. Kwa hiyo ninapoona sahani ya spageti yenye soseji siwezi kuicheka, wala sitaki mtu aicheke. Watu walilazimishwa kupokea mengi, na katika yale waliyoyapokea wakachagua, wakageuza, wakatia cha kwao. Ndani ya sahani hiyo moja kuna tambi, ambazo kwa desturi waliyoipata kwa Wachina huliwa siku ya kuzaliwa kwa sababu urefu wake ni dua ya maisha marefu. Ndiyo maana mteja wako amesema sherehe bila spageti haijakamilika. Dada Mpishi, hili lina maana katika upishi wako: usizikate tambi. Wapishi wengi hapa mjini huzivunja katikati ili ziingie sufuriani, na kwa siku hiyo ingekuwa kosa.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, siwezi kupita bila kugusa majina. Wali uliobaki, ukikaangwa kwa kitunguu swaumu, huitwa sinangag, na yai ni itlog. Wakiuweka wali huo na yai pamoja na nyama kavu iitwayo tapa, jina la mlo linakuwa tapsilog. Wakiweka soseji ya hotdog, ni hotsilog. Wakiweka nyama ya kopo ya Spam, ni spamsilog. Kichwa cha neno la Kimarekani kinachukuliwa na kuunganishwa na mkia wa Kifilipino, nao wanaendelea kuunda mengine kila mwaka. Barabarani wanachoma miguu ya kuku na kuiita Adidas, masikio ya nguruwe wanayaita Walkman kwa sababu huvaliwa masikioni, na vipande vya mraba vya damu iliyoganda, ambavyo kwetu Waislamu ni haramu, wanaviita Betamax kwa kufanana na kanda za video za zamani. Wafanyao hivyo ni watu wanaokipenda sana chakula chao, kama sisi tulivyoipa chipsi mayai jina la zege na kila mtu wa Dar es Salaam akajua kinachozungumzwa.

Binti Kigamboni

Samahani wakubwa zangu, nauliza kwa nia njema. Ninasomea lishe, na nikihesabu hapa naona kechapu yenye sukari, rosti yenye sukari nyingine, aiskrimu, na bila shaka soda, vyote kwa watoto wa miaka saba. Je, haiwezekani utamu ukapunguzwa bila kuharibu chakula chenyewe?

Mama Nasra, Mabibo

Inawezekana, mwanangu, na umeuliza jambo la maana. Ndizi ikiwa imeiva sawasawa, kechapu yaweza kupikwa kwa vijiko viwili vya sukari badala ya vinne, na katika rosti Dada Mpishi asiongeze sukari kabisa, aache karoti iliyokunwa na kechapu yenyewe vifanye kazi hiyo. Jibini ya chumvi iliyo juu ndiyo inayosawazisha. Badala ya soda awape maji ya ukwaju.

Aiskrimu ndani ya mkate nayo si ngumu. Kwao huuzwa na wachuuzi wenye mikokoteni, na jibini haiyeyushwi ikapotea. Hukunwa na kuchanganywa, ili mtoto akiuma akutane na chembe za chumvi katikati ya utamu. Tumia skonzi ndogo zilizookwa asubuhi ileile. Mkate wa jana utachanika.

Dada Mpishi, Mwananyamala

Nimerudi kuwapa matokeo, maana mlinishika mkono kama ndugu.

Nilijaribu kwanza siku ya Jumatano. Kechapu ya kwanza iliharibika: nilipokea simu ya mteja nikiwa nimeshaponda ndizi, siki nikaitia baada ya dakika kumi, na rangi ikawa ya kijivu kama Mama Nasra alivyoonya, hata bitiruti haikuiokoa. Ya pili nilipanga kila kitu mezani kabla ya kumenya ndizi ya kwanza, na ikatoka nyekundu iliyokolea, yenye kung'aa. Niliitia sukari vijiko viwili tu. Nilipoionja sambamba na ile ya chupa, yangu ilikuwa na tangawizi zaidi na utamu mdogo, na kwa kweli niliipenda kuliko ile.

Rosti niliipika kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga, vitunguu, karoti, nyanya chache na vikombe vitatu vya kechapu, nikaongeza soseji za kuku mwishoni. Tambi sikuzikata, niliziinamisha polepole kwenye sufuria kubwa ya pilau hadi zikalegea zenyewe. Kuku nilimlaza usiku kucha katika chumvi, kitunguu swaumu na ndimu, nikamkaanga saa moja kabla ya watoto kuketi. Mchuzi wa Baharia nilipika lita tano, nikadhani nimezidisha, na ukaisha kabla ya kuku.

Nilisimama mlangoni mwa jiko nikiangalia. Watoto wa Kiswahili walianza kwa kuku na wakaziacha tambi pembeni kwanza, wakiziangalia. Mtoto mmoja wa jirani, nadhani wa miaka mitano, alichukua uzi mmoja wa tambi kwa vidole, akauvuta mdomoni wote, akanyamaza, halafu akamwambia dada yake, "Ni za futari, lakini zina nyama." Baada ya hapo sahani zote zilirudi tupu. Mwenye sherehe hakula kuku hata kidogo. Alikula tambi mara tatu. Mama yake alikuja jikoni, akachota kijiko kimoja cha rosti kutoka sufuriani, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda. Aliniambia kwamba tangawizi imezidi kidogo kuliko ya mama yake mzazi, kisha akaomba nimfungashie iliyobaki.

Ameniagizia nyingine kwa ajili ya wenzake, na mimi nimeamua kuiweka kechapu hiyo mezani kwangu jioni pamoja na chipsi na mishikaki. Wateja wawili wameshaiulizia. Mama Nasra, Jumanne asubuhi nitapita Mabibo; naomba uniwekee chane sita za bokoboko, zisiwe zimeiva zote, nyingine ziwe bado na kijani ili zinifikishe Ijumaa.